Umepatia 14 kati ya 20. Je, wateja wako wamepata nini?

*"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, naishi Morogoro. Tangu msimu uanze nina kundi la Telegram ninalouzia mikeka, yaani tabiri za mechi za kubeti. VIP ni shilingi 10,000 kwa mwezi, na wapo watu 140. Sidanganyi mtu. Mechi nazichambua mwenyewe hadi usiku wa manane: majeruhi, ratiba, nani yuko nyumbani. Mwezi uliopita nilitoa mechi 20 za kucheza moja moja, zote za odi 1.40 hivi, nikapatia 14. Jumapili natoa pia mkeka mrefu wa timu 10 kwa wanaopenda hela ndefu. Kampuni moja ya kubeti imenipa msimbo. Mtu akijisajili kwa msimbo huo, napata asilimia ya anachopoteza. Wiki mbili zilizopita dereva bodaboda wa kundini aliweka hesabu ya bosi ya siku nne kwenye mkeka wangu wa Jumapili. Timu moja ikauchana. Bosi kamnyang'anya pikipiki. Akaniandikia: 'Kaka, umeniua.' Tangu siku hiyo silali vizuri. Rafiki zangu wanasema sijamlazimisha mtu. Je, ninachofanya ni kosa? Niache, au kuna namna ya kuuza mikeka kwa haki?"*

Marahaba, kijana wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ungeweza kuniuliza namna ya kumjibu huyo dereva ili anyamaze, na wengi wangeuliza hivyo. Wewe umeuliza kama ulimkosea. Kwa sababu hiyo nitakujibu bila kukuficha kitu, na nitaanza na hesabu kabla ya lawama. Mimi ni mtakwimu, na sehemu kubwa ya jibu lako imo kwenye namba ulizoniandikia mwenyewe.

Unasema umepatia 14 kati ya 20, yaani 70 kati ya 100. Ukiitaja hivyo kundini inapendeza. Sasa chukua kalamu. Odi ya 1.40 maana yake kila shilingi 1,000 inayowekwa inarudi 1,400 mechi ikiingia. Mteja aliyekufuata kwa uaminifu, akaweka 1,000 kwa kila mechi, ametoa 20,000. Mechi 14 zilizoingia zimemrudishia 1,400 kila moja, jumla 19,600. Amepoteza 400. Hapo sijagusa kodi inayokatwa kwenye ushindi, wala makato ya kutuma na kutoa pesa kwa simu. Kwa odi ya 1.40, mtu anatakiwa apatie mechi 5 katika kila 7 ili tu asipate wala asikose. Wewe ulikuwa chini kidogo ya hapo. Ongeza ile 10,000 ya VIP, mteja huyu yuko chini kwa 10,400, katika mwezi ambao wewe unauhesabu kuwa mzuri.

Najua hili linauma, kwa sababu usiku ulikesha kweli. Lakini odi ya 1.40 yenyewe ni utabiri. Kampuni inapoiweka inasema timu hii inashinda takriban mara 67 kati ya 100, kisha inapunguza malipo kidogo ili ibaki na chake. Mtu aliyefumba macho akachagua mechi 20 za odi hiyo, naye angepatia 13 au 14. Majeruhi unaowatafuta saa saba za usiku, wapanga odi wanao tayari, wakiwa na kompyuta na watu wa zamu. Haina maana kwamba huna akili ya mpira. Ina maana kwamba mechi 20 haziwezi kuonyesha kama unayo. Hata kwenye odi za 2.00, kumtofautisha mjuzi halisi anayepatia 55 kati ya 100 na mwenye bahati anayepatia 50 kunahitaji kama mechi 400 zilizoandikwa zote, nzuri na mbaya.

Hicho "chake" cha kampuni ni rahisi kukiona. Chukua mechi yenye odi 2.10 kwa mwenyeji, 3.20 kwa sare na 3.40 kwa mgeni. Ukitaka uondoke na 10,000 kwa matokeo yoyote yale, utaweka 4,762 kwa mwenyeji, 3,125 kwa sare na 2,941 kwa mgeni. Jumla umetoa 10,828 ili upewe 10,000. Zile 828 ni bei ya kuingia mlangoni, na kila mteja wako anailipa kila anapobeti, awe amepata au amekosa. Wewe umeongeza mlango wa pili wenye bei yake.

Na huu mlango wa pili ndio ninaotaka tuutazame kwa karibu, maana sioni ukizungumzwa. Tuseme wewe ni bora kuliko ulivyoonyesha, unaleta faida ya shilingi 5 kwa kila 100 inayowekwa, mwezi baada ya mwezi. Hicho ni kiwango cha juu mno, na wanaokifikia ni wachache sana. Ili mteja arudishe tu ile 10,000 yako, lazima aweke jumla ya 200,000 kwa mwezi. Kwa mechi 20 ni 10,000 kila mechi. Mtu wa kubeti 1,000 hawezi kufaidika na huduma yako hata ukiwa bingwa, mpaka aongeze dau mara kumi. Ada yako, kabla hujasema neno lolote, inamsukuma aweke zaidi. Wapo matajiri ambao 200,000 kwao ni pesa ya mchezo. Sidhani kama ndio waliojaa kwenye kundi lako.

Sasa mkeka wa Jumapili. Timu 10, kila moja tuipe nafasi ya kushinda mara 75 kati ya 100, yaani vigogo wakiwa nyumbani, mechi ambazo kijiweni watu husema "hiyo imeshaisha". Nafasi ya zote 10 kuingia ni mara 6 hivi kati ya 100. Nafasi ya kuingia 9 na kukosa moja tu ni karibu mara 19. Ukitoa mkeka huo kila Jumapili kwa miaka miwili, utegemee kushinda mara sita hivi, na mara ishirini hivi uchanwe na timu moja. Dereva wako hakupatwa na mkosi wa ajabu. Alipatwa na jambo ambalo mkeka wa namna ile hulileta mara tatu zaidi ya ushindi.

Kuna mzee mmoja aliniletea bahasha ya kaki imejaa risiti za mikeka. Alizipanga mafungu mawili kwa mpira wa kufungia noti. Fungu nene lilikuwa la zilizokosa sana, hakulijali hata kidogo. Fungu la pili alilifungua taratibu, risiti moja moja, akanionyesha timu iliyomchania kwenye kila moja. Alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu. Aliita fungu lile "zilizokaribia". Kwake yalikuwa maendeleo, kama mwanafunzi anayetoka alama 30 kwenda 48. Lakini timu moja ikikosa, risiti haina thamani yoyote, na wiki ijayo hesabu inaanza upya kana kwamba hakuwahi kucheza. Hisia ya "nimekaribia" ndiyo inayomrudisha mtu dirishani Jumatatu kukomboa. Wewe unapoandika kundini "jamani tumekosa moja tu, wiki ijayo tunapiga", unaichochea hisia hiyohiyo. Naamini uliiandika kuwafariji.

Tukubaliane na jambo jingine kuhusu mkeka huo. Kampuni ikilipa 1.25 kwa kila timu ya namna hiyo, kwenye mechi moja mteja anarudishiwa kwa wastani 937 katika kila 1,000. Zikizidishwa timu 10 zinarudi 524. Yaani karibu nusu ya pesa inayowekwa kwenye mkeka mrefu inabaki kwa kampuni. Na wewe una msimbo unaokulipa asilimia ya wanachopoteza watu wako.

Hebu ukae na hilo kidogo. Bidhaa unayosema ni ya "wanaopenda hela ndefu" ndiyo inayowapotezea zaidi, na ndiyo inayokulipa zaidi. Mechi zako za moja moja za mwezi uliopita ziliwala wateja shilingi 20 katika kila 1,000. Mkeka wa Jumapili kwa kawaida hula zaidi ya 470. Mteja anakulipa ili umsaidie kuishinda kampuni, na kampuni inakulipa kadiri anavyoshindwa. Kama dereva yule alijisajili kwa msimbo wako, sehemu ya hesabu ya bosi wake imo kwenye simu yako. Sisemi ulipanga hivyo. Nasema hata malaika akiwekwa kwenye mkataba huo, mkono wake utaanza kuelekea kwenye mikeka mirefu bila yeye kujua.

Hapo ndipo maneno ya rafiki zako, "hujamlazimisha mtu", yanapoishiwa nguvu. Ni kweli hukumshika mkono. Mtu mzima ana haki ya kucheza na pesa yake, na mimi si wa kumpokonya mtu raha ya mia tano ya Jumamosi. Lakini hiari huenda na taarifa. Je, kundi lako linajua kuhusu msimbo? Je, waliambiwa kwamba ile 14 kati ya 20 ilikuwa hasara? Je, neno "uhakika" limewahi kutoka kwenye vidole vyako? Mtu aliyeficha mizani hawezi kusema mnunuzi alikubali mwenyewe. Anayetoa ushauri wa hisa kwa malipo hapa nchini anatakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kwa sababu anayeshauri anashika riziki ya mwingine. Unapopokea ada ili uelekeze pesa ya mtu, umebeba mzigo wa aina hiyo hata kama hakuna aliyekupa cheti.

Umeuliza kama ipo namna ya haki. Ipo, na nitakutajia mfano. Matthew Benham, mmiliki mkuu wa Brentford, klabu ya mpira ya Uingereza, alianzisha kampuni ya Smartodds inayouza uchambuzi wa takwimu kwa wacheza kamari wa kitaalamu. Wanunuzi wake ni wachache, wenye mitaji mikubwa, wanaoelewa kwamba wananunua makadirio na kwamba mwezi mbaya upo. Hakuna anayelipa kwa pesa ya pikipiki ya mtu. Angalia pia kwamba faida ya kweli kwenye kubeti huwa ndogo na hufa ikigawiwa kwa wengi: watu wakiivamia odi moja, kampuni huishusha. Ndiyo maana mwenye faida hiyo huificha. Swali ambalo kila muuza mikeka anapaswa kujiuliza ni hili: kama mikeka yangu inalipa, kwa nini kipato changu cha uhakika ni ada za watu 140? Kwako hiyo ni 1,400,000 kwa mwezi isiyotegemea matokeo hata kidogo.

Ukitaka kuendelea kwa haki, basi msimbo uufute leo, na uwaambie watu kwamba ulikuwepo. Mkeka mrefu uuache moja kwa moja. Kila utabiri uandikwe kabla mpira haujaanza, pamoja na odi ya wakati huo, na usifutwe ukikosa. Mwisho wa mwezi utoe hesabu inayojumuisha ada: "aliyeweka 1,000 kila mechi amepoteza 10,400". Uwaambie wanaobeti pesa ndogo wasilipe VIP, kwa sababu haiwezi kuwafaa. Na anayekuambia ameweka ada ya shule, pesa ya kikoba au hesabu ya bosi, mrudishie hela yake na umtoe kundini siku hiyohiyo. Nikuambie ninavyoona: ukifanya haya yote kwa dhati, wengi watahamia kwa anayeahidi uhakika, na utabaki na watu wachache na kipato kidogo sana. Hiyo itakuonyesha ni kiasi gani cha ile 1,400,000 kilikuwa kinalipia uchambuzi, na kiasi gani kilikuwa kinalipia matumaini.

Njia nyingine naipenda zaidi kwa kijana mwenye kipaji chako. Uchambuzi unaujua, usiku unakesha. Uandike au uuseme kama uchambuzi wa mpira, bila odi, bila mkeka: kwa nini timu fulani inaruhusu mabao dakika za mwisho, kwa nini beki fulani amehamishwa upande. Redio na kurasa za michezo zina njaa ya watu wa namna hiyo. Pesa yake ni ndogo mwanzoni na inachelewa, sikudanganyi. Lakini ukikosea, msikilizaji amepoteza dakika kumi.

Wapo wenzako ambao sitawajadili sana kwa sababu hujasema uko huko: wanaouza "fiksi", yaani mechi wanazodai matokeo yake yamepangwa. Upangaji wa matokeo upo duniani. Wilson Raj Perumal wa Singapore alihukumiwa Finland mwaka 2011 kwa kuhonga wachezaji. Lakini mwenye siri ya namna hiyo haiuzi kwa elfu ishirini kwa watu asiowajua. Wengine hutuma utabiri wa pande mbili: watu 640 wanagawanywa nusu kwa nusu, kila nusu ikitumiwa utabiri wa upande wake, waliopata wanagawanywa tena, na baada ya mara tano wapo 20 walioona "mtabiri" akipatia zote bila kukosa. Hao 20 watauza hata godoro. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni jinai katika Kanuni ya Adhabu, na kufanyia mtandaoni kunakuingiza pia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kuhusu kundi lako lilivyo sasa, malipo na msimbo vyote, nenda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha au kwa wakili ukaulize mwenyewe kabla hujapokea ada nyingine. Usitegemee ushauri wa kijiweni. Na kama una dini, jambo hili lina upande ambao si wangu kuuhukumu. Kwa Waislamu, Surat al-Maida aya ya 90 inaikataza kamari waziwazi, kwa hiyo umwone sheikhe wako na umweleze yote, pamoja na msimbo.

Turudi kwa dereva, maana ndiye anayekukosesha usingizi. Je, ulimkosea? Kwa maoni yangu, ndiyo, kwa kiasi. Kuchukua hesabu ya bosi ulikuwa uamuzi wake, na huo hautaubeba wewe. Lakini ulimuuzia mkeka wenye nafasi 6 kati ya 100 bila kumwambia, huku ukinufaika akikosa. Usimjibu kwa meseji. Mpigie, au bora umfuate kijiweni kwake. Mrudishie ada zote alizowahi kukulipa na kila shilingi iliyokuja kwako kupitia yeye kwenye msimbo. Itafute hesabu hiyo kwenye akaunti yako ya msimbo, au uiulize kampuni. Dau lenyewe sisemi ulilipe, ila kama anaona aibu kumkabili bosi wake peke yake, ongozana naye. Bosi akisikia kutoka kwa mtu wa pili kwamba kuna mpango wa kulipa kidogo kidogo, huenda pikipiki ikarudi barabarani. Usimpe, hata kwa huruma, mkeka wa kukombolea.

Na ukiwa naye, msikilize vizuri. Muulize kama hii ilikuwa mara ya kwanza kugusa hesabu, kama anakopa ili abeti, kama mkewe anajua, kama amewahi kujaribu kuacha akashindwa. Majibu hayo yakiwa mabaya, huyo ana tatizo linalotambuliwa na Shirika la Afya Duniani kama ugonjwa, na haliponi kwa kuambiwa "jikaze". Aanze hospitali ya wilaya au ya mkoa, aombe kuonana na mtu wa afya ya akili. Muhimbili na Mirembe wana wataalamu wa kina zaidi. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye anaweza kusaidia, hasa kama nyumbani kumekosekana chakula. Aandikie pia kampuni aombe akaunti yake ifungwe, kisha simu ya kutumia pesa aishike mtu anayemwamini kwa muda. Neno "umeniua" mara nyingi ni uchungu tu wa kuongea. Lakini akikuambia hataki kuishi, au ukimwona amekaa kimya kwa namna ya kukutia wasiwasi, usimwache peke yake. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Wewe pia hujaniambia kama unabeti mikeka yako mwenyewe, wala umepoteza kiasi gani. Sikusudii kukushtaki kwa swali hilo. Wauzaji wengi niliozungumza nao walianza kuuza ili wafidie walichopoteza. Kama ndivyo ilivyo, yale niliyosema kuhusu hospitali na kufunga akaunti yanakuhusu vilevile.

Jumapili hii usitoe mkeka. Kusanya tabiri zako zote tangu msimu uanze, hata zile ulizozifuta, uziweke kwenye daftari na odi zake, kisha uniandikie tena. Nitakaa nawe tuzipige hesabu moja baada ya nyingine.